Kabla Hujanunua Punda

Ukitaka kununua punda, anza na kalamu na karatasi. Andika kila kitu kilichobebwa wiki iliyopita kwa kichwa, kwa mgongo au kwa bodaboda uliyoilipa: maji, kuni, mahindi ya kusaga, samadi, mchanga, majani ya ng'ombe, gunia la viazi lililokwenda gulioni. Pembeni andika umbali, nani alibeba, na pesa iliyotoka. Karatasi ikijaa, punda atakulipa. Ikiwa na mistari miwili tu, azima wa jirani au kodi wa siku moja, kwa sababu punda asiye na kazi anakula kama mwenye kazi, na kwato zake zisizosuguliwa na njia zinarefuka haraka zaidi.

Chukua maji peke yake. Nyumba ya watu sita ikitumia madumu sita ya lita 20 kwa siku, na kisima kikiwa umbali wa kilomita mbili, mtu anayebeba dumu mojamoja kichwani atatembea kilomita 24 kuyamaliza. Punda wa kubeba mgongoni, madumu mawili kila safari, atayaleta kwa safari tatu. Wa mkokoteni atayaleta yote kwa safari moja, na nafasi ya gunia la majani ibaki. Mara nyingi anayepunguziwa kilomita hizo ni mama au binti wa shule, na hesabu za nyumbani humsahau kwa kuwa kazi yake hailipwi. Wamaasai hawamsahau: kwenye maboma yao punda ni mnyama wa kina mama, ndiye anayewaletea maji na kubeba vyombo wanapohama. Wewe pia, kabla ya kununua, muulize anayeteka maji, maana ndiye atakayeishi na huyo punda.

Bodaboda itamshinda kwa mwendo, hilo halina ubishi. Lakini pikipiki haili mabua, na njia za mawe, matope na vichochoro si zake. Mji wa kale wa Lamu ungali unajengwa na kulishwa na punda: saruji, mchanga, mawe ya matumbawe na magunia ya unga hupita mgongoni mwao kwenye vichochoro ambavyo gari haliwezi hata kuingiza pua. Kule Mwea wanasomba mpunga, Limuru wanasomba maji, na mikoa ya Dodoma, Singida na Manyara inawajua vizuri. Mahali pa kufikiria mara mbili ni penye mbung'o wengi. Hapo muulize kwanza ofisa mifugo wa kata kama punda wa jirani wanaishi.

Mnyama wa nchi kavu

Punda alifugwa kwa mara ya kwanza kaskazini-mashariki mwa Afrika, miaka kama 7,000 iliyopita, kutokana na punda-mwitu wa nchi kame. Ukiliweka hilo akilini, tabia zake nyingi hazitakushangaza. Anavumilia kiu na majani makavu ambayo ng'ombe angeyasusa. Manyoya yake hayazuii mvua, hivyo mvua ya usiku kucha humtetemesha na kumletea kikohozi. Mjengee paa, hata la makuti au mabati chakavu, sakafu ikae kavu. Kwato zake ziliumbwa kwa ardhi ngumu, na akishinda kwenye tope na mkojo zinaoza.

Hata ule anaoitwa ukaidi unatoka hukohuko. Farasi akiogopa hukimbia. Punda husimama, hutega masikio na kutathmini. Akigoma mbele ya daraja au dimbwi hajakudharau, anataka kujua kama miguu yake itafika ng'ambo. Ukimpiga hapo unamfundisha kwamba daraja na maumivu huja pamoja, na kesho atagomea mbali zaidi. Simama naye, mwache anuse, mtangulize punda mzee anayeijua njia. Dakika tano za leo zitakuokolea mapambano ya mwaka mzima.

Mnadani

Usikimbilie mkubwa. Simama mbali umtazame akitembea kwenda na kurudi, kwenye ardhi ngumu, bila mzigo. Anayechechemea mwache hapohapo, hata ukiambiwa ni jiwe tu limemchoma jana. Kisha msogelee kutoka ubavuni huku ukiongea, na upitishe kiganja mgongoni, kuanzia kwenye ule msalaba mweusi wa mabegani mpaka mkiani.

Kiganja chako kitakwambia mengi kuliko muuzaji. Mabaka ya nywele nyeupe juu ya mgongo wa kijivu ni makovu: ngozi ilichubuliwa na tandiko bovu, na nywele zilipoota upya zikatoka bila rangi. Yakiwa kifuani, alivutishwa kwa kamba nyembamba. Yakiwa chini ya mkia, mzigo ulikuwa ukimsukuma mteremkoni. Magoti yaliyonyonyoka huwa ya punda anayeanguka akizidiwa. Kovu moja la zamani lisikutishe. Donda bichi lililopakwa oili chafu ya gari ili lisionekane, hilo likutishe.

Inua kwato zote nne. Akikataa kabisa, jua hajawahi kushughulikiwa, na kazi hiyo utaianza wewe. Mfungue mdomo: meno ya mbele ya ukubwani hutimia akiwa na miaka mitano hivi. Ya pembeni yakiwa bado ya utotoni, hajafikia mzigo mzima. Umri wa miaka mitatu ni wa kujifunza na mizigo myepesi, minne kuendelea ndiyo ya kazi. Akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 25 au zaidi, kwa hiyo kumsubiri mwaka mmoja si hasara.

Dume asiyehasiwa sikushauri, isipokuwa unataka kuzalisha. Akisikia harufu ya jike atavunja ua na kumburuta mtoto aliyeshika kamba. Aliyehasiwa ni mtulivu. Jike naye anafanya kazi vizuri tu, ila mimba yake huchukua karibu mwaka mzima, na miezi mitatu ya mwisho pamoja na mitatu ya mwanzo wa kunyonyesha usimweke kwenye ratiba ya kazi nzito. Ukiweza, nunua wawili. Punda hushikamana na mwenzake, na akitenganishwa naye ghafla anaweza kuacha kula.

Tandiko ndilo litakaloamua

Wengi hutumia pesa yote kwa punda, wakarudi nyumbani na kamba ya nailoni ya shilingi chache. Mimi ningenunua punda wa kawaida kwenye matandiko mazuri kuliko punda mzuri kwenye kamba. Donda la mgongoni linamlaza wiki kadhaa, na wiki hizo maji yanarudi kichwani mwa mtu.

Anza na kubeba mgongoni. Uti wa mgongo wa punda hauna nyama ya kuukinga, hivyo hakuna uzito unaotakiwa kukaa juu yake. Shona mito miwili minene, kila mmoja upana wa viganja viwili hivi, ijaze nyasi kavu au matambara, uiunganishe ili mmoja ukae kushoto na mwingine kulia kwa uti, na katikati pabaki mfereji. Weka mzigo, kisha inama nyuma yake uchungulie: lazima uone mwanga ukipita kwenye mfereji huo kutoka mkiani hadi mabegani. Usipouona, mito imelala na inahitaji kujazwa tena. Juu ya mito ndipo inapokaa fremu ya mbao au shogi, yale makapu ya ukindu ya pande mbili. Pande hizo zilingane. Gunia moja lililofungwa katikati huyumba, na kila hatua linasugua ngozi.

Uzito usizidi theluthi moja ya uzito wa punda mwenyewe. Punda wetu wengi wana kilo 120 hadi 160, hivyo madumu mawili ya lita 20 pamoja na tandiko ndiyo mwisho wake, na kwa aliye mdogo yapunguze. Nimeona wengi wakipakia manne. Hayo ni kilo 80, nusu ya mnyama au zaidi, na njia ikiwa ya mlima utamkuta amesimama, miguu ya nyuma ikitetemeka, mwenyewe akimwita mvivu.

Kwenye mkokoteni hesabu inabadilika, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayobeba. Kwenye tambarare na njia nzuri, punda mmoja avute jumla ya mara mbili ya uzito wake, ukiuhesabu na mkokoteni wenyewe. Mkokoteni wa kilo 80 na madumu kumi ya maji ni kilo 280. Huo ni mzigo kamili wa punda wa kilo 140. Mlimani au kwenye mchanga mzito punguza nusu. Magurudumu ya upepo ni bora kuliko ya chuma au mbao, lakini tairi lisilojaa upepo humwongezea mzigo kimyakimya, basi pampu iwe sehemu ya vifaa vyako.

Usimfunge nira ya ng'ombe. Ng'ombe anasukuma kwa nundu na shingo. Punda shingo yake ni nyembamba, mabega yako chini, na nguvu yake iko kifuani. Mtengenezee mkanda wa kifuani wenye upana wa sentimita 8 hadi 10, wa ngozi laini au turubai lililokunjwa mara kadhaa, upande wa ndani ukavikwa pamba au blanketi kuukuu. Ukae juu ya fundo la bega na chini ya koromeo. Ukipanda unamkaba, ukishuka unamzuia kukunjua mguu. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na ngozi. Mpira wa tairi, nailoni na waya usiviweke kabisa juu ya ngozi tupu: vinapata joto, havinyonyi jasho, vinakata.

Mkokoteni wa magurudumu mawili una jambo jingine ambalo mafundi wengi hulipuuza, nalo ni mizani. Ukishapakia, kabla ya kumfunga punda, shika ncha za ile miti miwili ya mbele uinue kwa mkono mmoja. Zikiwa nzito hata mkono ukalemewa, mzigo umekaa mbele na utamkandamiza mgongo. Zikitaka kuruka juu, mzigo uko nyuma, na mkanda wa tumbo utamnyanyua punda kutoka chini. Sogeza magunia mpaka ncha zitulie mkononi kwa uzito mdogo tu. Kwenye miteremko ongeza mkanda unaozunguka mapaja ya nyuma. Huo ndio breki, na bila huo mkokoteni utamgonga miguu kila mtakaposhuka. Ukitembea usiku, bandika viakisi vyekundu nyuma. Dereva wa lori hawezi kuona kijivu gizani.

Shambani

Jozi ya punda hulima vizuri ardhi nyepesi ya kichanga, hasa ikiwa mvua imeshalainisha. Udongo mzito wa mfinyanzi waachie ng'ombe. Faida yao kubwa iko kwenye palizi: punda ni mwembamba, anapita katikati ya mistari ya mahindi au pamba bila kukanyaga sana, na akizoea haongozwi na mtu mbele. Panda mistari yako kwa kamba, kwa umbali uleule, la sivyo kipalilio kitang'oa mimea. Tofauti na kubeba, hapa atachoka kwa muda kuliko kwa uzito: fanya kazi alfajiri hadi saa nne, mpumzishe jua likiwa kali, rudi jioni kidogo. Wiki iwe na siku moja ambayo hafungwi kitu.

Kinyesi chake usikitupe. Ni kikavu kuliko cha ng'ombe na hubeba mbegu nyingi za magugu zilizopita tumboni zikiwa hai, kwa hivyo kichanganye na mabua na majivu, kilundike, kinyunyizie maji na kukigeuza kwa miezi mitatu au minne kabla ya kukipeleka bustanini. Vaa viatu unapokishika, na hakikisha wewe mwenyewe una chanjo ya pepopunda. Vijidudu vya ugonjwa huo hukaa kwenye kinyesi na udongo, na mguu uliopasuka ni mlango wazi.

Kuna wanaouliza kama punda anaweza kulinda mbuzi. Marekani wafugaji wa kondoo huweka lama mmoja au punda mmoja kundini kwa kazi hiyo hasa, kwa sababu wote wawili hawawapendi mbwa na mbweha: hupiga kelele, huwafukuza, na punda huongeza teke. Kwetu hilo litakusaidia dhidi ya mbwa koko na mbweha. Fisi ni habari nyingine, sembuse simba. Hao wanamla punda mwenyewe, na penye fisi yeye ndiye wa kulindwa: alale ndani ya zizi lenye ua mrefu wa miiba, karibu na nyumba. Mlio wake wa usiku utakuamsha, na faida ya ulinzi uliyonayo ndiyo hiyo.

Maziwa ni machache na mwanapunda anayahitaji. Nyama yake kwa Waislamu ni haramu, na wengine wengi hawaili. Sina zaidi la kukuongezea hapo.

Chakula, maji, na siku asipokula

Punda anahitaji muda wa kutafuna kuliko chakula kitamu. Mabua ya mahindi, majani ya mpunga, nyasi kavu na malisho ya kawaida yanamtosha, pamoja na pumba kidogo siku za kazi nzito na jiwe la chumvi la kulamba. Kosa ni kumfunga mkokoteni kutwa, kisha usiku kumfungia zizini patupu: hakupata saa za kula. Mwekee majani usiku. Yenye ukungu yatupe, na okota mifuko ya plastiki, kwa sababu ataila na itamziba tumbo.

Maji, lita 15 hadi 25 kwa siku kwenye joto na kazi. Haonyeshi kiu waziwazi, na maji machafu huyakataa hata akiwa amekauka koo. Wenye mikokoteni ya maji hushangaa punda wao anakonda huku amebeba pipa. Mpe kabla ya kuondoka, mpe mchana, mpe akirudi.

Kila jioni kwangua kwato kwa kijiti butu, toa mawe na tope. Kila wiki sita hadi kumi zipunguzwe na mtu anayejua. Michubuko ioshe kwa maji safi yenye chumvi kidogo na umpumzishe mpaka ngozi ifunge. Kuweka kitambaa juu ya donda ili kazi iendelee ni kulichimba. Muulize daktari wa mifugo kuhusu dawa za minyoo, chanjo ya pepopunda na ya kichaa cha mbwa. Wapo bado wanaompasua pua wakidai atapumua vizuri akiwa na mzigo. Hakuna faida yoyote, ni jeraha tu, na sheria zinazokataza ukatili kwa wanyama, Kenya na Tanzania pia, zinaweza kukufikisha mahakamani.

Shika na hili: punda huficha maumivu. Ng'ombe mgonjwa utamjua, punda mgonjwa anasimama tu, masikio yamelegea, amejitenga. Asipokula kwa siku nzima, usingoje kesho. Mwili wake huanza kuyeyusha mafuta yaliyohifadhiwa na kuyamwaga kwenye damu, ini likazidiwa, na akifika hapo ni vigumu kumrudisha, hasa jike mwenye mimba au aliyenenepa. Piga simu siku hiyohiyo. Ukiwa Lamu una bahati: tangu 1987 ipo hospitali ya punda ya shirika la The Donkey Sanctuary.

Usiku na ngozi

Miaka ya karibuni mwizi wa punda hamtaki kwa kazi. Ngozi yake huchemshwa kutengeneza ejiao, dawa ya asili ya Uchina, na mahitaji ya huko yalifungua machinjio ya punda nchini Kenya kuanzia 2016. Sensa ya 2009 ilihesabu Kenya punda wapatao milioni 1.8, ya 2019 ilikuta milioni 1.2 hivi. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaiondoa marufuku mwaka uliofuata, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Makubaliano hayafungi zizi. Weka kufuli, mwekee punda alama inayojulikana na mwenyekiti wa kijiji, mpige picha ubavuni kote kuwili, na kama mko wengi pangeni zamu ya usiku.

Akizeeka mpunguzie mzigo kidogokidogo: kuni badala ya maji, tambarare badala ya mlima, na kumtangulia punda mchanga anayejifunza njia, kazi ambayo mzee huifanya vizuri kuliko wewe. Ukilazimika kumuuza, uza kwa mtu wa karibu unayejua kwake, mwandikiane mbele ya shahidi. Anayetaka punda wa kazi atamtembeza, atainua kwato, atabishana nawe juu ya kila kovu. Akija mtu na lori jioni, hamtazami miguu wala meno, na anakulipa bila kupunguza hata shilingi, mrudishie pesa yake.